Choki na marisau kwa uwindaji wa bata: namna ya kuyalinganisha na umbali

Kama una shotgani ya geji 12 na unataka jibu moja la kuanzia, hili hapa: choki (mbano wa mwisho wa mtutu) ya IC, yaani Improved Cylinder, katriji ya inchi 3 yenye aunsi 1¼ ya marisau (chembe ndogo) ya chuma namba 2 au namba 3, na usimpige bata aliye mbali zaidi ya yadi 35, yaani mita 32. Mseto huo unatosha kwa sehemu kubwa ya uwindaji wa bata nchini Marekani, kuanzia misitu iliyofurika maji karibu na Stuttgart, Arkansas, hadi madimbwi ya mashambani kule Dakota. Yanayofuata hapa chini ni sababu zake, mahali ambapo haufai, na namna ya kuhakikisha kwa karatasi kwamba bunduki yako inafanya unachodhani inafanya.

Hilo la karatasi ndilo kubwa kuliko yote. Maneno yaliyochongwa kwenye choki na yaliyochapwa kwenye boksi ni ahadi tu. Mitutu miwili ya kampuni moja, yenye choki za jina moja, inaweza kutawanya katriji zilezile kwa namna tofauti kabisa. Asiyepima hujifunza kwa bata waliojeruhiwa wakapotelea kwenye matete, na hakuna mwindaji anayepaswa kujifunza hivyo.

Choki inafanya nini

Choki ni mbano mdogo ulio katika inchi chache za mwisho za mtutu. Marisau yakipita hapo hukusanywa, na yakitoka huchelewa kutawanyika. Tundu la mtutu wa geji 12 lina kipenyo cha karibu milimita 18.5. Choki ya silinda, yenye alama C au CL, haibani kitu. IC hubana takriban milimita 0.25. M (Modified) hubana milimita 0.5. IM (Improved Modified) huongeza kidogo juu ya hapo, na F (Full) hufika karibu milimita 0.9 hadi 1. Tofauti hizo ni ndogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho, lakini kwenye yadi 40 zinaamua kama bata atapigwa na chembe sita au moja.

Kwenye bunduki nyingi za Kitaliano, Beretta na Benelli zikiwemo, hutakuta herufi bali nyota au mikwaruzo kwenye ukingo wa choki. Hapo hesabu inakwenda kinyume na wengi wanavyodhani: alama moja ni F, mbili ni IM, tatu ni M, nne ni IC. Kadiri alama zinavyoongezeka ndivyo choki inavyokuwa wazi.

Kipimo cha asili cha choki kiliwekwa enzi za marisau ya madini ya risasi (lead): unapiga kutoka yadi 40, unachora duara la kipenyo cha inchi 30 kuzunguka sehemu yenye matundu mengi, kisha unahesabu asilimia ya marisau yaliyoingia humo. Silinda hutoa karibu asilimia 40, IC 50, M 60, F 70. Marisau ya chuma yanavuruga jedwali hilo. Risasi ni laini. Chembe zake hubonyea zinapobanana ndani ya mtutu, na zilizobonyea huyumba hewani na kuacha kundi. Chuma hakibonyei. Chembe hubaki mviringo na huruka pamoja, kwa hiyo IC ikipewa chuma mara nyingi hutoa mtawanyiko wa M, na M hutoa wa F. Ndiyo maana ushauri wa wazee waliowinda kwa risasi, kwamba bata anahitaji choki ya F, haufai tena ukibebwa vilevile.

Kwa nini chuma

Bata humeza changarawe ili firigisi isage chakula. Chembe ya risasi iliyozama kwenye tope ni sawa na changarawe machoni pake. Firigisi huisaga, sumu huingia kwenye damu, na ndege hudhoofika hadi kufa bila kupigwa na mtu yeyote. Marekani ilianza kuondoa marisau ya risasi kwa awamu katika msimu wa 1987–88, na tangu 1991 ni marufuku nchi nzima kwa uwindaji wa bata, bata bukini na kukuziwa. Umoja wa Ulaya ulifuata kwenye maeneo oevu Februari 2023. Mkataba wa ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika na Ulaya, AEWA, ambao Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama, nao unazitaka nchi ziache risasi kwenye maeneo oevu.

Sheria ya Marekani haiishii kwenye kufyatua. Kuwa tu na katriji za risasi ukiwa unawinda bata ni kosa. Kabla ya msimu, pekua mifuko yote ya koti na ya fulana ya kuwindia. Katriji moja iliyobaki baada ya kuwinda kware inatosha kukutia matatani.

Badala ya chuma kuna bismathi na michanganyiko ya tangsteni. Bismathi ni nzito kuliko chuma, karibu gramu 9.6 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma kikiwa 7.8 na risasi 11. Ni laini, kwa hiyo haidhuru mitutu ya zamani. Tangsteni bora kabisa hupita gramu 18, na chembe yake ndogo ya namba 9 inaua bata ambaye kwa chuma ungehitaji namba 2 au 3. Tatizo ni bei. Mtu mwenye bajeti ya kawaida atumie chuma, na fedha inayobaki anunue maboksi mawili ya ziada ya kufanyia majaribio.

Namba za marisau

Namba ikipanda, chembe inapungua. Kwa namba za Marekani kuna njia rahisi ya kupata kipenyo: toa namba hiyo kutoka 17, jibu ni sehemu za mia za inchi. Namba 2 ni inchi 0.15, yaani milimita 3.8. Namba 3 ni milimita 3.6, namba 4 ni 3.3, na namba 6 ni 2.8. BB ni milimita 4.6. Namba za Uingereza na za bara la Ulaya haziendi sawa na hizi, kwa hiyo ukinunua katriji zilizotoka huko, soma milimita na uache namba.

Idadi ya chembe za chuma katika aunsi moja (gramu 28) ni takriban hizi:

- BB: 72
- Namba 2: 125
- Namba 3: 158
- Namba 4: 192
- Namba 6: 315

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Bata hafi kwa wingi wa chembe peke yake, wala kwa nguvu ya chembe peke yake. Anahitaji chembe kadhaa, na kila moja iwe na nguvu ya kupenya manyoya na misuli hadi kwenye moyo, mapafu au mfupa wa bawa. Ukiongeza ukubwa wa chembe unapata mpenyo lakini idadi inashuka, na mtawanyiko unakuwa na mapengo ya kumpitisha bata mzima. Ukipunguza, karatasi inajaa matundu ya kupendeza, lakini kwenye yadi 40 chembe zimechoka na zinaishia chini ya ngozi.

Chembe ya chuma namba 2 ina uzito wa karibu gramu 0.23. Ya risasi namba 4 ina gramu 0.21. Hiyo ndiyo asili ya kanuni inayotumiwa na wawindaji wengi: ukihama kutoka risasi kwenda chuma, panda namba mbili kwa ukubwa. Aliyekuwa anatumia risasi namba 6 achukue chuma namba 4, na wa namba 4 achukue namba 2. Hata hivyo chuma kina kipenyo kikubwa kwa uzito uleule, hivyo hewa hukipunguza kasi haraka zaidi. Kasi ya kutokea mdomoni, hata ikiwa futi 1,500 kwa sekunde, haifuti tofauti hiyo kwenye umbali mrefu.

Na hapo tuseme wazi kuhusu kasi. Katriji za futi 1,400 hadi 1,450 kwa sekunde zinatosha. Zile za 1,550 na zaidi hupiga bega kwa nguvu, hubeba chembe chache, na kwenye mitutu mingi hufungua mtawanyiko. Mwenye kutafuta uhakika atafute uzito na ulinganifu kwanza.

Bata gani, wapi, umbali gani

Maladi, ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, ana uzito wa kilo moja hadi 1.3. Tili mdogo mwenye bawa la kijani ana gramu 350 hivi. Huwezi kuwapigia hesabu moja.

Ndani ya msitu uliofurika, kama huko Arkansas, maladi hushuka kati ya miti na unampiga kwenye yadi 15 hadi 30. Choki ya IC, au hata ya skiti ambayo iko kati ya silinda na IC, pamoja na namba 3 au 4, ndiyo inayofaa. Choki ya F hapo ni kosa la wazi: kwenye yadi 20 marisau yako bado yamekusanyana kwenye eneo dogo, ukikosea kidogo hukumgusa, na ukimpata unaharibu nyama yote.

Tili wa mwezi Septemba kwenye mabwawa ya Texas na Louisiana huja wakipinda na kushuka kwa kasi, karibu na bata bandia. Ndege kama huyo ni shabaha ndogo, kwa hiyo kinachohitajika ni chembe nyingi: namba 4 hadi 6 kwa IC, umbali usiozidi yadi 30.

Mabwawa na mashamba yaliyo wazi, ambako bata wanaona mbali na wengi hawashuki kabisa, ni mahali pa namba 2. Anza na IC. Kama karatasi inaonyesha upungufu kwenye yadi 40, hamia M. Mwishoni mwa msimu manyoya ni mazito na mafuta yameongezeka, na namba 4 iliyofanya kazi Oktoba huanza kujeruhi Desemba. Badilisha namba ya marisau kabla ya kubadilisha choki.

Bata wazamiaji wa maji makubwa, kama wa Chesapeake Bay, ni wagumu kufa na wakijeruhiwa huzama na kuibukia mbali. Namba 2 kwa M inafaa. BB iache kwa bata bukini. Ukimpigia bata unabakiwa na chembe 90 tu katika aunsi 1¼, na hata zingeingia zote kwenye duara ungekuwa ukingoni.

Mwenye bunduki ya mitutu miwili aweke IC kwenye mtutu wa kwanza na M kwenye wa pili, kwa sababu mpigo wa pili kwa kawaida hupigwa ndege akiwa anaondoka.

Beba pia katriji chache za namba 6 kwenye mfuko wake peke yake. Bata aliyeanguka akiwa hai huogelea mwili ukiwa chini, kichwa na shingo pekee vikionekana. Namba 2 humpita. Chembe nyingi ndogo zikipigwa haraka, kabla hajayafikia matete, humaliza mateso yake. Hakikisha mbwa hayuko kwenye mstari wa kupiga, na kumbuka kwamba chuma hudunda juu ya maji.

Kupima kwenye karatasi

Utahitaji karatasi ya upana wa mita 1.2 hivi, kalamu nene, kamba ya inchi 15 ya kuchorea duara, meza yenye mfuko wa mchanga wa kuegemeza bunduki, na nyuma ya karatasi tuta la udongo. Vaa miwani na vifunika masikio. Usitumie bamba la chuma kama shabaha kwa marisau ya chuma, yatakurudia.

1. Weka alama nyeusi katikati ya karatasi na pima umbali kwa utepe au kifaa cha leza. Pima kwenye umbali utakaowindia. Kama bata wako wanakuja yadi 30, jaribio la yadi 40 peke yake halikuambii unachohitaji.
2. Piga mara moja kwa kila karatasi. Andika papo hapo: choki, aina ya katriji, umbali.
3. Tafuta sehemu yenye matundu mengi, chora duara la inchi 30 kuizunguka, kisha uhesabu. Weka kalamu juu ya kila tundu ulilohesabu, vinginevyo utarudia.
4. Rudia hadi karatasi tano kwa kila mseto. Karatasi moja inaweza kudanganya. Wastani wa tano ni vigumu kudanganya.
5. Fungua katriji moja kwa kisu, ukae mbali na moto, uhesabu chembe zilizomo. Idadi ya boksi ni makadirio.

Kipimo cha kutosha kwa maladi ni chembe 85 hadi 90 ndani ya duara. Kwa bata wa kati ni karibu 120, na kwa tili 135 hadi 145. Chukua mfano: katriji ya aunsi 1¼ ya namba 2 ina chembe 156 hivi. Ukipata wastani wa 94 kwenye yadi 40, hiyo ni asilimia 60, na maladi ana haki yake ya kufa mara moja. Ukipata 70, umbali wako wa mwisho si yadi 40. Sogea hadi 35 na upime tena kabla ya kukimbilia choki mpya.

Karatasi pia inaonyesha ugonjwa. Ikiwa katikati kumejaa na kando ni tupu, choki inabana mno kwa umbali huo. Ikiwa katikati kuna shimo na chembe zimejipanga pembeni, mara nyingi choki inabana mno au katriji ina kasi mno; fungua choki kwa hatua moja. Karatasi tano zikitofautiana sana, 60 kwenye moja na 105 kwenye nyingine, badilisha aina ya katriji. Kundi zima likikaa inchi 4 au zaidi kando ya alama kila mara, chunguza kama choki imekaa sawa kwenye uzi wake, kisha umwone fundi wa bunduki.

Kuna katriji ambazo kikombe chake cha plastiki hushikilia marisau kwa muda mrefu baada ya kutoka mdomoni. Hizo hazipatani na baadhi ya choki zenye matundu ubavuni au meno ya kushika kikombe. Soma boksi, kisha iamini karatasi.

Mambo yanayoharibu bunduki na watu

Chuma hakibonyei, kwa hiyo kinapolazimishwa kupita kwenye mbano mkali, kinachobonyea ni mtutu. Tumia choki iliyoandikwa kwamba inafaa kwa chuma. Bunduki za kiwango cha Ulaya zilizopimwa kwa chuma chenye nguvu zina alama ya ua la yungiyungi. Hata hizo, kwa chembe zinazozidi milimita 4, usipite mbano wa nusu milimita. Mitutu ya zamani yenye choki ya F isiyofunguka, na mitutu ya kusokota (Damascus) ya karne ya 19, isiguswe na chuma kabisa. Kwa mitutu ya zamani iliyo imara tumia bismathi, baada ya fundi kuikagua. Ile ya kusokota isipigwe katriji za kisasa zozote.

Soma urefu wa chemba uliochongwa kwenye mtutu. Katriji ya inchi 3 huingia kwenye chemba ya inchi 2¾ bila kukataa, kwa sababu mdomo wake bado umekunjwa; ukifyatua, mdomo hufunguka mahali ambapo hakuna nafasi na shinikizo hupanda kwa hatari.

Katriji za geji 20 zina rangi ya manjano kwa sababu maalumu. Ukiitumbukiza moja kwenye geji 12, huteleza na kukwama ndani ya mtutu, macho hayaoni kitu, kisha unaweka ya geji 12 nyuma yake. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa mbele. Usichanganye geji mbili kwenye mfuko mmoja, wala kwenye mtumbwi mmoja kama mnaweza kuepuka.

Choki hulegea. Ikilegea, gesi na marisau hupenya chini ya ukingo wake na kuipasua pamoja na mtutu. Ondoa katriji zote, hakikisha chemba ni tupu, kisha ikaze kwa spana yake asubuhi na baada ya kila katriji 20 au 25. Usifyatue kamwe bila choki kwenye mtutu wenye uzi. Paka uzi grisi nyembamba, na baada ya kuwinda kwenye maji ya chumvi ifungue siku hiyohiyo, kwa kuwa chuma kinachopita humo huitanua kidogo kidogo, na kutu ikiongezeka hutaitoa tena. Choki za kampuni mbalimbali hazibadilishani hata zikionekana kuingia; jina la mfumo wa uzi lazima lilingane.

Ukiangusha bunduki kwenye tope au theluji, toa katriji na uangalie ndani ya mtutu kabla ya chochote kingine. Kifuniko kidogo cha tope kinatosha kuupasua.

Mwisho, kwenye maficho: weka bata bandia wa mwisho kwenye yadi ambayo karatasi yako imekubali, iwe 30 au 35, uipime kwa leza kabla jua halijachomoza. Anayeruka ng'ambo yake mwache apite. Hakikisha kizibo kipo ili bunduki isibebe zaidi ya katriji tatu, leseni ya jimbo iko mfukoni, na kama una miaka 16 au zaidi, stempu ya bata ya serikali kuu pia. Jikoni, pitisha sumaku kali juu ya nyama iliyopasuliwa kufuata njia za majeraha. Chembe za chuma zitajitokeza zenyewe, ila za bismathi itabidi uzitafute kwa kidole.